Zege Halilali

Dar nzima inausema huu msemo. Kijana akisitasita kupeleka posa, wajomba wanamwambia zege halilali. Mtu akipata kazi mpya Ijumaa na akatakiwa aripoti Jumamosi, ndiyo hivyohivyo, zege halilali. Wengi wanaousema hawajawahi kushika koleo maishani. Lakini msemo umezaliwa saiti, na kule hauna fumbo lolote. Saruji ikishaonja maji, saa imeanza kutembea. Kwa jua la Dar la mwezi wa pili una saa moja, labda na nusu, kabla zege halijaanza kukaza na kugoma kushindiliwa. Lililochanganywa leo limwagwe leo.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Msemo huo nimeambiwa usoni mara nyingi mno, na karibu kila aliyeniambia hakuwa anazungumzia saruji. Alikuwa anazungumzia saini yangu ya kuruhusu kumwaga.

Mwaka jana, Jumamosi moja, nilifika Kinyerezi saa moja kasoro asubuhi. Nyumba ya ghorofa moja, siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya juu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, imeshakodiwa, winchi ya kupandishia zege imeshafungwa, vibarua kama thelathini wamekaa juu ya matofali wakinywa chai ya rangi na maandazi. Nyuma ya nyumba masufuria mawili ya pilau yalishatengwa kwenye mafiga, maana siku ya slabu mwenye nyumba analisha watu, hiyo ni desturi. Mama mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amejifunga khanga kiunoni, anasimamia vitunguu na wakati huohuo anasimamia saruji.

Nikapanda ngazi. Nikazunguka. Nikafika kwenye balkoni, nikachuchumaa.

Ile balkoni inatokeza mita moja na nusu nje ya ukuta, haina nguzo chini. Slabu ya kawaida iliyolala kati ya kuta mbili hupinda kwa chini, kwa hiyo nondo zake kuu zinakaa chini. Balkoni ni kinyume. Angalia tawi la mwembe mtoto akining'inia kwenye ncha: gamba linalopasuka ni la juu, pale tawi linapoungana na shina. Kwa hiyo nondo za balkoni zinakaa juu, karibu kabisa na uso wa zege, na zinaingia ndani ya slabu ya chumba kwa urefu wa kutosha ili zishikwe. Slabu yangu ilikuwa ya milimita 150. Nondo za juu nilizichora ziwe milimita 25 kutoka juu.

Nilipozikuta asubuhi ile zilikuwa zimelala chini, juu ya mbao. Watu walikuwa wamepita juu yake tangu Alhamisi wakibeba mabomba ya umeme, na vile viti vya nondo vinavyoshikilia safu ya juu vilikuwa vimekunjika, vingine havikuwepo tangu mwanzo. Chini yake hakuna hata biskuti moja. Biskuti, kwa msomaji ambaye hajafika saiti, ni vile vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo ili zisigusane na mbao. Na chini ya balkoni hiyohiyo mirunda mitatu, yaani miti ya kuegemeza mbao, ilikuwa imesimama kwenye kifusi kilicholowa, bila ubao wowote wa kukanyagia. Nilisukuma mmoja kwa mguu, ukacheza.

Nilishuka. Nikamwambia mama, leo hatumwagi.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, zege halilali."

"Mama, zege bado halijachanganywa. Sasa hivi ni mchanga na kokoto. Hivyo vinalala."

"Na mikisa? Na hawa watu? Unajua kila mmoja ananidai kwa siku?"

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani nikiwa bado juu ya ngazi. Kupiga hesabu ya hasara ya mteja kabla hujafungua mdomo ni sehemu ya kazi hii, na chuoni hakuna somo lake.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tano, PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu. Aliniuliza juzi: "Anko, injinia hasa anafanya nini siku nzima?" Nikaanza kumwambia habari za kukokotoa mizigo, kuchora, kupima udongo. Akaniangalia vile vijana wanavyoangalia mtu anayesoma kipeperushi. Ni kweli tunafanya hayo yote. Lakini nikimjibu kwa dhati, kazi ninayolipwa kuifanya ni kukataa kwa wakati. Kuchora kuna watu wengi wanaoweza, na siku hizi kompyuta inakokotoa boriti ndani ya sekunde. Kinachomfanya mtu awe mhandisi ni siku anaposimama mbele ya watu thelathini, pilau linachemka, na anajua kwa nini anasema hapana, na anaweza kuisema kwa maneno ambayo fundi atayaelewa na mwenye pesa atayavumilia.

Kufika hapo kulinichukua miaka mingi, na njia yangu haikuwa ile iliyonyooka.

Njia iliyonyooka ni hii: unafaulu Hesabu, Fizikia na Kemia kidato cha nne, unakwenda PCM, unapata chuo, unasoma shahada miaka minne. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitivo cha uhandisi kilianza 1973. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi au ng'ambo. Siku hizi vyuo ni vingi. Mimi nilipita mlango wa pili. Baada ya kidato cha nne nilikwenda DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, kusoma diploma, miaka mitatu, niwe fundi sanifu. Wazee bado wanakiita chuo kile Dar Tech. Baba hakufurahi. Kwake diploma ilikuwa mahali pa kupeleka mtoto aliyeshindwa. Nilikaa kimya, lakini leo nikiulizwa na mzazi yeyote ninasema wazi: kama mtoto ana mikono na ana subira, mpeleke diploma kwanza, digrii itamkuta. Nimefanya kazi na wahandisi waliopita njia iliyonyooka, wana hesabu safi kama maji ya dafu, halafu ukimpa mmoja wao karai la mchanga hajui kulishika kwa mkono aone kama lina udongo mwingi. Si wote. Lakini si wachache.

Nikiwa mwaka wa pili DIT, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka. Watu 36 walikufa. Kutoka geti la chuo hadi pale ni mwendo mfupi wa miguu. Tulikwenda, kama kila mtu alivyokwenda, na tulizuiwa na askari kama kila mtu alivyozuiwa. Nilichokiona kwa mbali ni vumbi, mashine, na mlango wa gari lililobanwa. Jumatatu ya Pasaka hatukuwa na kipindi, lakini darasa karibu lote tulikuja, tukakaa tu. Mwalimu mmoja wa miundo akaingia, hakuandika kitu ubaoni. Akatuuliza: "Ninyi mnadhani pale hakuna mtu aliyeona?" Akatoka.

Swali lile sijawahi kulijibu, wala si kazi yangu kulijibu kuhusu jengo lile. Lakini nimelibeba katika kila saiti niliyoingia tangu siku hiyo. Kuna mtu ameona. Huwa yupo. Yawezekana ni kibarua wa kubeba ndoo, ameona nguzo imetoka jasho, yaani maji ya saruji yanavuja pembeni ya mbao na kokoto zinabaki uchi. Ameona, na hakuna aliyemuuliza.

Na mimi ni shahidi, kwa sababu nimewahi kuwa upande wa pili. Hii nitaieleza ingawa si ya kujisifu.

Nilipomaliza diploma nilipata kazi kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa anajenga mtaro wa maji ya mvua upande wa Mbagala. Mita 120 za mawe na zege, mteremko wa moja kwa mia tatu. Yaani kila mita tatu unashuka sentimita moja. Ni mteremko mdogo sana, jicho haliuoni. Ndiyo maana kuna levo, ile mashine ya kupimia vimo, na stafu, ubao mrefu wenye namba. Tulianza kujenga kutoka mdomo wa mtaro kupanda juu, kama inavyotakiwa. Katikati ilibidi nihamishe mashine. Pale nilisoma stafu 1.430, nikaandika kwenye daftari 1.340. Namba mbili zimebadilishana viti. Mtu yeyote mwenye usingizi anaweza.

Dawa ya kosa hilo inafundishwa wiki ya kwanza: ukimaliza kupima, rudi mpaka ulipoanzia, namba zifunge. Sikurudi. Ilikuwa saa tisa, jua kali, na tulikuwa tumechelewa.

Siku ya tatu fundi mkuu aliniita. Alikuwa mzee wa Rufiji, sote tulimwita Babu. Alikuwa ameweka pima maji yake juu ya ubao mrefu. Akasema: "Mjukuu wangu, hapa maji yatagoma. Huku juu kumeshuka."

Nami, miaka ishirini na mbili, diploma yangu bado ina harufu ya wino, nikamjibu: "Babu, fuata namba."

Akaniangalia. Akafuata namba.

Mvua za masika zilipokuja, maji yaligoma. Kosa la milimita 90 kwenye mteremko wa moja kwa mia tatu linazalisha dimbwi la mita 27, ukipenda kagua hesabu mwenyewe. Mita 27 za maji yaliyosimama mbele ya nyumba za watu, na ndani yake kila kitu ambacho mtaro wa Dar hubeba: chupa, pampasi, mapumba ya karanga, kandambili ya mguu mmoja. Tulibomoa kipande chote cha juu tukajenga upya. Nilikatwa mshahara miezi minne, na nadhani nilistahili. Babu hakunisema hata siku moja. Alipokuwa anapanga mawe mapya aliniomba tu nishike ncha ya uzi. Nilishika uzi siku nzima.

Baada ya hapo nilirudi shule. Si kwa sababu ya aibu tu. Nilikuwa nimegundua kwamba najua namna ya kufanya mambo mengi bila kujua kwa nini. Miaka minne ya digrii ilinipa ile "kwa nini". Siwezi kuidharau. Udongo peke yake unatosha kumfanya mtu asome. Ukichimba shimo Mikocheni msimu wa mvua, mita moja na kidogo unakutana na maji. Masaki unagonga mwamba wa matumbawe, sururu inaruka, halafu hatua tano mbele mwamba huohuo una pango ndani. Ukishuka bonde la Msimbazi kuna matope ambayo mto umekuwa ukiyaleta tangu enzi na enzi, na kila mvua kubwa ikinyesha mto unakwenda kuyakagua, mabasi ya mwendokasi hayawezi kupita Jangwani na nusu ya mji inachelewa kazini. Mtu anayekuambia "msingi wa nyumba ya Dar ni futi kadhaa" bila kukuuliza nyumba iko wapi, mshukuru kwa muda wake, uende kwa mwingine.

Halafu kuna bahari. Upepo wa Dar una chumvi, na chumvi ikipenya kwenye zege ikafika kwenye nondo, nondo inashika kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, mara mbili au zaidi, kwa hiyo inavimba ndani ya zege na kulipasua. Tembea Upanga au Kigamboni uangalie chini ya balkoni za zamani: utaona mistari ya rangi ya chai, kisha vipande vilivyobanduka, kisha nondo yenyewe imechomoza nyeusi kama mbavu. Kilichotenganisha nondo ile na chumvi kilikuwa sentimita mbili au tatu za zege zuri. Zile biskuti kazi yake ndiyo hiyo. Na bado kuna watu wanapelekewa mchanga wa ufukweni usiku kwa sababu lori lake ni rahisi.

Nikumbuke kusema jambo moja kuhusu lugha, kwa sababu halisemwi. Tunasoma uhandisi kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, mitihani, ripoti, michoro. Halafu tunatumwa saiti ambako hakuna anayezungumza Kiingereza. Mwezi wangu wa kwanza wa mafunzo ya vitendo niliambiwa nikalete timazi nikaenda stoo nikarudi na pima maji. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Timazi ni lile pande la chuma linaloning'inia kwenye uzi, la kukagua kama ukuta umesimama wima. Pima maji ni ubao wenye kichupa cha mapovu. Yote niliyajua darasani, kwa majina ya darasani. Injinia asiyejua majina ya saiti atatoa amri sahihi ambayo hakuna atakayeitekeleza. Ringi, kozi, mirunda, marini bodi, moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne). Mwambie fundi "ongeza uwiano wa saruji" atakuitikia ndiyo kwa heshima zote na hatabadilisha kitu. Mwambie "toa moja-mbili-nne, weka moja, moja na nusu, tatu", kazi imeisha.

Baada ya digrii bado hujawa. Hili vijana wengi wanalijua kwa kuchelewa. Sheria ya mwaka 1997 inayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inasema huwezi kufanya kazi ya uhandisi bila kusajiliwa. Ukihitimu unasajiliwa kama mhandisi mhitimu. Kisha unafanya kazi chini ya mhandisi aliyekutangulia kwa miaka mitatu. Kuna mpango maalumu wa hayo, SEAP, ulioanza 2003. Unaandika daftari la kazi, unapeleka ripoti, anayekulea anasaini, mwishoni unaandika ripoti ya kitaalamu na kukaa mbele ya watu wanaokuuliza maswali. Ukipita unakuwa mhandisi mtaalamu, unakula kiapo, unapata muhuri wako. Hatua ya juu zaidi ni mhandisi mshauri.

Kwangu mimi ile miaka mitatu ndiyo iliyokuwa chuo kikuu. Niliyepangiwa kumfuata alikuwa mama mmoja mkimya sana, alikuwa na tabia ya kufika saiti bila taarifa na kwenda moja kwa moja kwenye kona chafu kuliko zote. Hakuwahi kuniuliza nimefanya nini. Aliniuliza: "Leo umekataa nini?" Nikijibu "sijakataa kitu", ananiambia "basi hukuangalia." Mwanzoni nilianza kukataa mambo ya kijinga ili niwe na jibu. Akanirudisha: "Hilo ungeliacha, lisingeua mtu. Usimalizie hapana zako kwenye rangi."

Pesa? Nisidanganye. Mwaka wa kwanza baada ya digrii nilikuwa napata laki tatu na nusu kwa mwezi, fundi wa marumaru niliyekuwa nikimsimamia alikuwa ananipita kwa wiki mbili. Waliopata serikalini, TANROADS au TARURA au kwenye mamlaka za maji, wametulia zaidi. Kwa wakandarasi kuna pesa mradi ukiwepo na ukame mradi ukiisha. Kwa washauri unajifunza sana na unalipwa mteja akikumbuka. Anayeingia huku kwa kutafuta utajiri wa haraka afungue duka la nondo, nasema kwa upendo.

Sifa nayo ni ya ajabu. Mji huu umewapa wahandisi wawili heshima ya majina: Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa 2018, na Kijazi pale Ubungo, 2021. Panda daladala yoyote usikilize. Konda anaita "TAZARA! Ubungo!" Basi.

Turudi Kinyerezi, mama bado amesimama na mwiko.

Nilimwita fundi mkuu, nikamwomba apande nami, na tukampandisha na mama, taratibu, ngazi inalia. Sikutaja kanuni. Nilimwonyesha balkoni, nikamwambia mama hapa ndipo utaanika nguo na wajukuu watasimama kuangalia harusi ikipita. Kisha nikamgeukia fundi: "Mwalimu, wewe ungesimama hapa?" Alikuwa mtu mzima, amejenga kabla sijajua kusoma. Alikuna kichwa. Akasema polepole: "Tangu jana nilitaka kusema. Niliona injinia utakuja."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Babu.

Vibarua walilipwa nusu siku. Mikisa haikurudisha hata shilingi. Jumapili na Jumatatu mafundi walinyanyua nondo, wakafunga viti vipya kila baada ya nusu mita, wakapanga biskuti, wakaweka mbao za kupitia watu ili asikanyage mtu tena. Mirunda iliwekewa vibao chini na kufungwa kwa mshazari. Jumanne tukamwaga.

Na Jumanne vita ilikuwa ya maji, kama siku zote. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka lita kama 25 za maji, ukitoa unyevu uliomo tayari kwenye mchanga. Ndoo moja ya lita 20 ikiongezwa kwa siri, umekaribia kuyafanya mara mbili, na nguvu ya zege inaweza kushuka chini ya nusu. Mmarekani mmoja, Duff Abrams, aliyaandika haya Chicago mwaka 1918, na bado kila saiti ya Dar inayajaribu upya. Zamani nilikuwa nafoka. Kisha nikajiuliza mwenye ndoo anapata nini. Anapata wepesi: zege jepesi halimvunji mgongo anayelisukuma kwa koleo kwenye kona ya mbali. Kwa hiyo siku hizi nikiona ndoo inanyemelea mikisa, siendi kwa mwenye ndoo. Naenda kwenye kona ya mbali, naongeza watu wawili na vibreta, mashine ya kushindilia zege. Maji yanaacha kuhitajika.

Nilichukua kyubu sita. Hizi ni boksi za chuma za milimita 150 kila upande, unajaza safu tatu, kila safu unaipiga mapigo 35 kwa fimbo, kesho yake unazitoa na kuzilaza kwenye maji. Tatu zinavunjwa siku ya saba, tatu siku ya ishirini na nane. Kila moja ina uzito wa kilo nane. Nilizipeleka maabara kwa bajaji nimezikumbatia kama matikiti.

Siku ya ishirini na nane nilisimama mwenyewe kando ya mashine. Slabu ilitakiwa ifike nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Kwa uso wa kyubu hiyo ni kilonyutoni 562 na nusu, kama tani 57 zimekaa juu ya kitu unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Namba zilipanda. Mia tano. Mia tano sitini. Mia sita. Mhudumu wa maabara alikuwa anachat kwenye simu. Kwenye mia sita tisini na kitu kyubu ikatoa mlio mkavu kama wa muwa unaovunjwa gotini, pembe zikabanduka, katikati ikabaki umbo la sufuria mbili zilizogeuziana matako. Uvunjikaji mzuri. Nyutoni 31.

Nikampigia mama nimpe habari njema.

"Alhamdulillah," akasema. Kisha akatulia. "Kwa hiyo mwanangu, zege lilikuwa zuri tu. Hata ile Jumamosi tungemwaga."

"Mama, kyubu haina nondo ndani. Inapima zege tu. Ile Jumamosi ubaya haukuwa kwenye zege."

"Haya, wewe ndiye uliyesoma." Nikamsikia anamwambia mtu pembeni apunguze moto. "Zege nimekubali lilale, mwanangu. Lakini vibarua thelathini nao walale, chini ya mwembe wangu, na pilau langu tumboni?"